Msiirudishe Mbolea Hewani

Wakulima wenzangu wa Garsen na kando ya Mto Tana, mwezi huu nataka kusema juu ya gunia la yurea, ile mbolea ya chumvichumvi yenye punje nyeupe. Mengi yamesemwa juu ya bei yake, nami sikatai kuwa bei ni jambo zito. Lakini kwa maoni yangu hasara iliyo kubwa zaidi haiko dukani, iko shambani, na twajitia wenyewe.

Yafaa kwanza kujua kitu hiki kimetoka wapi. Yurea haikuchimbwa ardhini, wala haikukaushwa juani kama chumvi ya Gongoni. Imetengenezwa kwa hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, sehemu 78 ni naitrojeni, lakini mpunga hauwezi kuila vile ilivyo. Mwaka 1909 mtaalamu wa Ujerumani, Fritz Haber, alionyesha namna ya kuiunganisha na haidrojeni, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kilianza kazi huko Oppau, Carl Bosch akiwa msimamizi. Hewa hizo mbili hubanwa kwa nguvu kama mara 200 ya hewa ya kawaida, katika joto la digrii zaidi ya 400, zikipitishwa juu ya chuma, ndipo inapopatikana amonia. Amonia ikiunganishwa na hewa ya ukaa (ile ile itoayo povu katika soda, na ambayo hapa Kenya huchimbwa Kereita) huwa yurea.

Haidrojeni yenyewe mara nyingi hutolewa katika gesi ya asili. Ndiyo maana gesi ilipopanda bei huko Ulaya mwaka 2021 na 2022, mkulima wa Garsen naye aliumia. Serikali ililipunguza gunia la mbolea la kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 mwezi wa Septemba 2022, kisha hadi 2,500 mwaka 2023.

Basi kitu kilichogharimu moto na nguvu kiasi hicho, sisi twakiachia upepo. Yeyote aliyepita karibu na zizi la Waorma alfajiri anaijua ile harufu kali ichomayo pua. Hiyo ni amonia, maana mkojo wa ng'ombe nao una yurea. Mkulima anayeimwaga yurea juu ya udongo wenye unyevu kidogo, jua likiwaka, analigeuza shamba lake kuwa zizi: udongo huivunja mbolea ikawa amonia, na amonia hupaa. Katika maji ya jaruba mambo ni mabaya zaidi. Mchana, ule utando wa kijani ulio majini huyafanya maji yawe kama ya magadi, amonia ikazidi kutoka, na naitrojeni inayopotea yaweza kufika nusu. Gunia la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni. Pigeni hesabu.

Mama mmoja alikuja ofisini kulalamika kwamba amepewa mbolea bandia. Nilipomwuliza aliitiaje, alisema aliitupa jarubani saa sita mchana, maji yakimfika magotini. Mbolea haikuwa bandia. Nami sikumlaumu, nilimwonea haya, maana mimi ndiye niliyeandika jina lake na kumpa karatasi yake bila kumwambia neno. Daftari letu lina safu ya magunia yaliyotolewa, halina safu ya magunia yaliyofukiwa.

Wako wasemao kuwa wazee wa Kipokomo walivuna mpunga kwa maji ya gharika tu, bila chumvichumvi yoyote. Ni kweli, lakini mto wao ulikuwa mwingine. Mabwawa ya juu, kama lile la Masinga lililokamilika mwaka 1981, hushika maji na tope, na gharika haiji tena kwa desturi yake ya zamani.

Mwenye mpunga atoe maji mpaka jaruba libaki tope, atie mbolea jioni, aichanganye na tope kwa miguu au kwa jembe, kisha arudishe maji baada ya siku moja au mbili. Huko Bangladesh wako wakulima wanaotumia yurea iliyoshindiliwa ikawa vidonge, nao huvizamisha katikati ya mashina manne, kina cha kidole kizima. Mwenye mahindi achimbe kishimo kando ya shina, kama sentimita 10, atie, afukie.

Najua mtasema karani amekaa kitini, mgongo unaouma si wake. Kazi ni nyingi kweli, na huja wakati palizi haijaisha. Hata hivyo sitayameza maneno yangu: asiyeweza kufukia magunia mawili, heri achukue moja alifukie lote, na fedha ya lile la pili alipe kibarua wa kumsaidia. Mabwana Shamba wengine hawatapenda nikisema hivyo, kwa kuwa hesabu ya magunia itapungua.

Siku hizi kila ajaye mezani kwangu kuchukua karatasi ya yurea namwuliza swali moja kabla sijagonga muhuri: utaifukia na nani?