Umeinua Jimny, Umesahau Usukani

Wasee, acheni kuniringia Jimny imeinuliwa inchi 2 kwa springi mpya pekee. Ukiinua, ile fito ya panhard inavuta ekseli upande mmoja, kasta inapungua, usukani haurudi vizuri katikati. Yangu ilianza kutetemeka nikiwa 80 barabara ya Magadi, mkono wa abiria uko kwa dashibodi anaomba Mungu. Fundi akaniuzia dampa ya usukani. Dampa! Hiyo inaficha tu ugonjwa. Doo hiyo ingeanza na bushi za kurekebisha kasta, halafu fito ya panhard inayorefushwa. Na paipu za breki je, zinafika? Lakini bushi haionekani kwa picha, ndio maana mnakimbilia kununua taa.