Waya Si Aibu

Nilipoinunua mashine yangu ya kurusha theluji, watu wa kwetu walinicheka majira mazima ya baridi. Hawakuicheka mashine yenyewe, kwani wengi hawakuwahi kuitazama kwa makini. Walicheka waya. Kila tulipokutana kwenye ubarikio, kwenye mchango wa harusi au kwenye pilau ya Idi, hakukosekana mmoja wa kuuliza kama mbwa wangu nimeshamfungua kamba, na wengine wakapasua kicheko. Nami nilicheka nao, maana mgeni katika nchi ya watu hujifunza kucheka hata anapochekwa. Leo sicheki tena, na sababu yake nitaieleza.

Naishi katika kitongoji kimoja pembezoni mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota. Huku theluji si habari ya kuitazama kwenye kalenda. Majira ya mwaka 2022 hadi 2023 zilianguka inchi zaidi ya 90, yaani zaidi ya mita mbili ukizijumlisha. Wenyeji wa zamani watakwambia hiyo si kitu, na watakutajia dhoruba iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991, iliyomwaga inchi 28 kabla majani hayajamalizika kupukutika mitini. Mimi hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Nikirudi saa moja asubuhi, mgongo umechoka kwa kuinua watu, nakuta njia ya gari imezikwa. Gari haliingii. Na mke wangu anataka kutoka na gari lake saa moja na nusu.

Sasa msomaji, kabla hujanicheka nawe, hebu tupige hesabu. Njia yangu ya gari ina urefu wa futi 45 na upana wa futi 18, ambazo ni kama mita za mraba 75. Ikianguka theluji nyepesi ya inchi sita, hapo pana meta za ujazo kumi na moja. Theluji mpya iliyo nyepesi ina uzito wa kiasi cha kilo mia kwa kila meta moja ya ujazo. Basi ni zaidi ya tani moja. Iliyolowa ni maradufu. Beleshi likibeba kilo tano kwa mara moja, ni kuinama na kuinuka zaidi ya mara mia mbili, kwenye baridi inayokausha makamasi puani, na mtu hajanywa hata chai.

Mashine yangu hula ampea 13 kwenye umeme wa volti 120. Zidisha, utapata wati 1,560, nguvu ya farasi wawili hivi. Ndani yake mna mhimili wenye makasia unaozunguka kwa kasi, unaokomba theluji na kuitemea pembeni kupitia bomba unaloweza kuligeuza kushoto au kulia. Haina kabureta, haina mafuta ya kubadilisha, haina kamba ya kuvuta. Unabonyeza, inanguruma, unaachia, inanyamaza. Kwa theluji ya inchi sita namaliza kwa dakika thelathini, na jirani aliyelala halaani ukoo wangu.

Jirani huyo ni Mmarekani, mtu mwema sana, ana mashine ya petroli ambayo ingetosha kusafisha kiwanja cha mpira. Kila mwaka theluji ya kwanza humkuta akivuta kamba. Anavuta, anapumzika, anaondoa plagi anaipuliza, anavuta tena, anaingia ndani kutafuta kopo la dawa ya kunyunyizia, anatoka, anavuta. Petroli aliyoiacha tangkini tangu Machi imegeuka gundi ndani ya kabureta. Nimewahi kumaliza njia yangu yote, nikavuka barabara na waya wangu begani, nikaomba soketi yake, nikamfanyia na yeye upande mmoja kabla injini yake haijakohoa. Alinishukuru. Mwaka uliofuata akavuta kamba tena.

Simcheki. Nauliza tu: mashine ile kubwa ilitengenezwa kwa kazi gani? Mtu wa Quebec aitwaye Arthur Sicard alipounda ya kwanza mwaka 1925, alikuwa akifikiria barabara zilizofungwa na theluji, na aliyeinunua mwaka 1927 ulikuwa mji, mji wa Outremont karibu na Montreal. Ilikuwa chombo cha barabara. Kwamba leo mtu mwenye njia ya gari ya hatua kumi na tano anaona fedheha kutokuwa na injini ya namna hiyo uani, hilo halikuletwa na theluji. Limeletwa na macho ya watu.

Najua watakavyonijibu, kwa sababu wameshanijibu mara nyingi. Watasema waya ni hatari. Naam, waya ni hatari kwa mtu asiyeuheshimu, kama vile jembe lilivyo hatari kwa mguu wa mvivu. Wengi wanaolalamika kwamba mashine ya waya haina nguvu hawakuwahi kuipa umeme wa kutosha. Wananunua waya mwembamba wa rangi ya chungwa, ule wa bei ya chini kabisa, wanaufunga kwenye mashine, halafu wanashangaa ikilia kama mbuzi. Waya wa futi mia moja wa namba 16 (na huku namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba) hupoteza kiasi cha volti 10 njiani unapobeba ampea 13. Wa namba 12 hupoteza volti nne tu. Sisi tuliotoka kwenye nchi za volti 230 hatukulelewa kuliwazia jambo hili, kwani kwetu kazi ileile huhitaji nusu ya ampea, na upotevu wake ni kama robo tu ukiulinganisha na umeme wote. Hapa volti ni chache, ampea ni nyingi, kwa hiyo unene wa waya si anasa. Nunua mnene, ulioandikwa kuwa ni wa nje na wa baridi kali, maana ule wa kawaida ukifika nyuzi ishirini chini ya sifuri hukakamaa kama fimbo na ganda lake hupasuka. Uchomeke kwenye soketi ya nje yenye kinga inayokata umeme mara tu unapovuja. Soketi ikikosa kinga hiyo, mwite fundi kwanza, theluji itasubiri.

Na jinsi ya kwenda na waya pia ni elimu, ingawa ni elimu ya dakika kumi. Unaanzia pale kwenye soketi, karibu na nyumba, unaelekea barabarani. Waya unabaki nyuma yako, juu ya sehemu uliyokwisha kuisafisha, kamwe si mbele. Theluji unaitupa upande ule ambao waya haupo. Plagi unaifunga fundo dogo ili isichomoke kila ukipiga hatua. Bomba likiziba, usitie mkono hata kama makasia yamesimama. Chomoa kwanza, kisha tumia kijiti. Mwenye vidole kumi atanielewa.

Watasema tena: na lile tuta la mdomoni? Hapo wana haki, na nitawapa haki yao. Lori la mji likipita na jembe lake mbele, huacha mdomoni mwa njia ya gari tuta la theluji iliyoshindiliwa na kuchanganyika na mabarafu, magumu kama matofali. Mashine yangu hailiwezi kwa mkupuo. Nalimega kwa beleshi kidogokidogo, kisha naisogeza mashine imalizie vipande. Huchukua muda kuliko njia yote. Na theluji ikifika inchi kumi na mbili mashine hulemewa. Ndiyo maana siingoji ifike. Ikianguka usiku kucha siku nisiyo kazini, natoka saa mbili usiku, natoka tena saa tano, natoka alfajiri. Anayetaka kulala mpaka dhoruba iishe kisha atoke mara moja kama shujaa, mashine ya waya si yake. Umeme nao ukikatika, mashine yangu ni chuma kitupu, sibishani. Lakini katika miaka yote hii umeme umekatika theluji ikinyesha mara mbili, ilhali petroli ya jirani imegoma kila Novemba.

Za betri zipo siku hizi, na ni nzuri. Bei yake ni mara kadhaa ya ile niliyotoa mimi, ambayo ilikuwa dola 180; betri huchoka na umri, na baridi hupunguza nguvu yake siku ileile unayoihitaji. Mwenye nazo anunue. Mimi nina karo za watu wawili nyumbani Tanga.

Lakini hayo yote ni maneno ya dukani. Yaliyonifanya niandike ni mengine.

Nilikuwa na rafiki, mtu wa Marangu, alinizidi miaka mitatu na nilimwita Kaka. Alikulia chini ya Kilimanjaro, na alipenda kusema kwamba theluji ameiona tangu utotoni na haikuwahi kumwomba beleshi. Yeye ndiye aliyeanzisha utani wa mbwa na kamba. Mara tatu nilimwambia, Kaka, njoo chukua mashine, nyumba zetu zimeachana mitaa miwili tu. Alinijibu kwamba mwanamume mzima hawezi kutembea uani na waya kama mtu anayepiga pasi. Akipata fedha atanunua ya petroli ya kiume, na mpaka hapo mikono yake inamtosha. Alikuwa na miaka 54 na dawa za presha juu ya friji.

Asubuhi moja ya Februari theluji ilikuwa imelowa. Mkewe alimwona dirishani ameketi juu ya tuta la mdomoni, beleshi limelala mapajani, akadhani anapumzika.

Kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, ulioangalia majeruhi wa mabeleshi ya theluji walioingia vyumba vya dharura kutoka mwaka 1990 hadi 2006. Kwa wastani walikuwa zaidi ya watu elfu kumi na moja kila mwaka, na waliokufa walikaribia mia moja kwa mwaka, wote kwa moyo. Waganga wanaeleza sababu bila mafumbo: baridi hubana mishipa, kazi ya mikono hupandisha presha, mtu hubana pumzi anapoinua, na hufanya haya yote asubuhi mwili ukiwa bado haujaamka. Hata kusukuma mashine si hirizi. Moyo mgonjwa unaweza kugoma popote. Lakini kati ya kusukuma na kuinua tani moja kuna tofauti, na nani asiyeijua?

Tulichanga. Jumuiya yetu inajua kuchanga, hilo hatujambo. Kwa siku tisa simu hazikulala, na zikapatikana dola zaidi ya elfu kumi na mbili, akasafirishwa akazikwa kwenye kihamba cha baba yake kama alivyostahili. Katika waliochanga walikuwepo wote waliocheka waya wangu, nami nikiwemo, kwa kuwa nami nilicheka. Hakuna aliyesema neno kuhusu beleshi. Kwenye matanga tulisema siku yake imefika, tukainamisha vichwa. Sipingi kwamba kila mtu ana siku yake. Ninachokipinga ni sisi kuisaidia siku hiyo ifike kwa dhihaka, halafu kuificha dhihaka hiyo nyuma ya Mungu. Tulimfanya mtu mwenye presha aone haya ya kifaa cha dola 180, na aliyemwonea haya si mwingine ila sisi, tunaokunywa chai sebuleni kwake.

Mtaniambia utani ni utani. Watani wa kwetu hutaniana hata msibani, kweli, lakini mtani wa kweli ndiye anayechimba kaburi na kubeba maji. Huku tumechukua kicheko tukaacha kazi yake.

Majira yaliyofuata, theluji ya kwanza ilipoanguka, shemeji alinipigia simu. Hakuzunguka: aliuliza kama ile mashine bado ipo. Nilienda nayo na waya wangu wa namba 12 umezungushwa begani, mchana kweupe, mitaa miwili kwa miguu. Kijana wake wa miaka kumi na sita alikuwa amesimama mlangoni na mabuti ya baba yake. Nilimwonyesha soketi, nikamwonyesha fundo la plagi, nikampa mpini. Akaanza kwenda huku waya ukijiburuta mbele ya makasia.

"Zima," nikamwambia. "Urudishe nyuma yako kwanza."

"Hivi, Anko?"

"Hivyo. Sasa tupa kulia."