Injini ikigonga, sikio litangulie spana

Lami ya Lamadi hadi Bariadi, yenye urefu wa takriban kilomita 72, imewapa wenye magari ya kasi mkoani Simiyu kitu ambacho zamani hawakuwa nacho: mahali pa kukanyaga mafuta. Ukiunganisha na kipande cha Bariadi, Maswa hadi Mwigumbi upande wa Shinyanga, dereva wa Subaru yenye tabo au Toyota Altezza anaweza kuuvuka mkoa bila kugusa vumbi. Magari hayo yalishatembea Japani miaka mingi kabla ya kupanda meli, kisha yakatembea Dar es Salaam, Arusha au Mwanza kabla ya kufika Bariadi. Mengi yameshapita kilomita 180,000, na hiyo ni kwa kuiamini odometa. Siku moja injini inaanza kutoa mlio ambao haukuwapo jana.

Mara nyingi hukumu hutolewa gari likiwa bado linaunguruma: injini imekufa, ishushwe. Oveholi inapangwa, au inaagizwa injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, na mwenye gari anaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Kuutambua mlio ni kazi kamili inayostahili malipo yake yenyewe kabla ya spea yoyote kununuliwa, na fundi aliyetumia saa nzima akisikiliza na kupima bila kufungua nati hata moja amefanya kazi ya maana kuliko zote zitakazofuata.

Mfano ulio wazi ni Subaru. Gari hili lina wapenzi wengi Afrika Mashariki, na mapenzi hayo hayakuanza jana: Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda tena na Impreza mwaka 2000. Injini zake nyingi zilizoko nchini ni za familia ya EJ, iliyoanzia kwenye Legacy ya mwaka 1989. Toleo la lita mbili liliagwa Japani mwaka 2019 kwa WRX STI 555 za mwisho. Pistoni zake zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Kwenye injini iliyosimama, kama ya Altezza, fundi anaweza kushusha sampu na kuzikagua beringi za konrodi kutoka chini. Kwa EJ njia hiyo haipo. Kuzibadilisha beringi hizo kunataka injini itoke na bloku yenyewe itenganishwe vipande viwili. Kazi hiyo inadai usafi, maikromita na spana ya toki. Ikifanyika chini ya mwembe wakati upepo wa kiangazi unapeperusha vumbi, injini iliyokuwa na kasoro ndogo ya nje inaweza kurudi kwenye gari ikiwa mbovu kweli.

Na kasoro za nje ni nyingi kuliko wenye magari wanavyodhani.

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza mlio unasikika lini. Ukisikika asubuhi injini ikiwa ya baridi, kisha ukafifia baada ya dakika chache, kuna watuhumiwa wawili wakubwa. Wa kwanza ni pistoni inayocheza kidogo ndani ya silinda mpaka ipate joto na kutanuka. Injini za EJ zinajulikana kwa jambo hili, na gari linaweza kutembea nalo miaka mingi. Wa pili ni eksozi inayovuja karibu na silinda hedi, kwenye gasketi au kwenye ufa mdogo. Moshi unaotoka hapo hugonga tik-tik-tik kama tapeti, na chuma kikishapata moto ufa hujibana na mlio kutoweka. Sauti ya konrodi iliyochoka hufuata njia nyingine. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, beringi iliyolika inabaki bila kinga, na mlio mzito wa kugonga, du-du-du, huongezeka injini inapobebeshwa kazi.

Kisha mdundo uhesabiwe. Injini ikiwa kwenye silensa ya mizunguko 720 kwa dakika, krankishafti inazunguka mara 12 kila sekunde, na kemshafti, ambayo huenda kwa nusu ya kasi hiyo, mara 6. Kwa hiyo mlio wa valvu moja au tapeti moja una mdundo wa nusu ya ule wa kitu kilichofungwa kwenye krankishafti. Kijana wa Kisukuma aliyekulia kwenye bugobogobo hahitaji kufundishwa upya namna ya kutenganisha ngoma mbili zinazopigwa pamoja kwa kasi tofauti. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba ndani ya injini nako kuna mpangilio huo, na kwamba unasikika.

Baada ya hapo ndipo mahali panatafutwa. Bisibisi ndefu, ncha yake ikigusa chuma na mpini ukigusa mfupa ulio karibu na sikio, huleta sauti ya sehemu moja na kuzipunguza nyingine. Stethoskopu ya gereji hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na si ghali. Mikono ya shati ikunjwe na mtu akae mbali na mikanda na feni. Kama mlio uko mbele ya injini, mkanda wa alternata hufunguliwa na injini kuwashwa kwa muda mfupi sana. Ukipotea, tatizo liko kwenye alternata, kompresa ya eisii, puli ya kukaza mkanda au kifaa kingine kinachozungushwa na mkanda huo, na hakuna sababu ya kugusa pistoni. Puli ya krankishafti nayo iangaliwe, maana ile yenye mpira katikati huachia kwa uzee na kugonga kwa sauti inayowadanganya hata wazoefu. Kwa Subaru kuna pia kikaza mkanda wa taimingi, ambacho kikichoka hugonga mbele ya injini hasa asubuhi. Hicho hakipaswi kusubiri, kwa kuwa kwenye EJ za tabo mkanda ukikatika valvu hupigana na pistoni.

Mlio ukiwa nyuma, pale injini inapoungana na giaboksi, kuna jambo jingine. Kwenye gari la gia za kawaida, pedali ya klachi ikanyagwe. Sauti ikibadilika, upande huo uchunguzwe kwanza. Kwenye gari la otomatiki, lile bamba jembamba linaloiunganisha injini na konveta linaweza kupata ufa au boliti zake zikalegea, na mlio wake unafanana mno na wa konrodi. Injini nzima zimewahi kuhukumiwa kufa kwa sababu ya boliti hizo.

Mark X inastahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu ni nyingi. Ile ya lita 2.5 ina injini ya 4GR-FSE, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Pampu na nozeli zake hutoa mlio mwepesi wa tiki-tiki tangu gari likiwa jipya. Mtu aliyezoea injini za Corolla za zamani akiusikia anaweza kufikiri ni tapeti, akaanza kufungua kitu kisicho na ugonjwa. Altezza yenye injini ya 3S-GE nayo ina habari yake: ilitengenezewa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya Japani haipungui oktani 96. Ikiwekewa petroli hafifu na kupandishwa mlima kwa gia kubwa, hutatarika kwa sauti kavu ambayo hutoweka dereva akishusha gia. Hapo dawa inaanzia kwenye tangi, na gari lisikanyagwe mpaka petroli hiyo iishe.

Wakati wote huu fundi hajabadilisha chochote. Akiwa bado anaishuku konrodi, vipo vipimo vitatu ambavyo kila mwenye gari anapaswa kuvidai kwa jina. Cha kwanza ni kuzima silinda moja moja kwa kuchomoa soketi ya nozeli, injini ikiwa kwenye silensa. Silinda yenye beringi iliyolika ikinyimwa mafuta, mlio hupungua waziwazi, na fundi anajua namba ya mgonjwa. Cha pili ni geji ya presha ya oili, ile ya kufungwa kwenye tundu la swichi ya oili. Taa ya dashibodi huwaka hali ikiwa imeshafika pabaya, lakini geji huonyesha mapema. Kanuni ya zamani ya gereji ni takriban paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000 injini ikiwa ya moto, na kitabu cha gari kikiwapo kifuatwe hicho. Cha tatu ni kumwaga oili kupitia kitambaa cheupe na kuipasua filta. Chembe zinazong'aa zisizonaswa na sumaku ni habari mbaya, kwa sababu bati la beringi halitengenezwi kwa chuma pekee. Juu yake kuna alumini, shaba au risasi.

Vipimo hivi vikithibitisha konrodi, gari lisiwashwe tena. Lisiendeshwe kwenda Mwanza kwa matumaini, safari ya zaidi ya kilomita 150, kwa kuwa beringi ikijizungusha inaharibu krankishafti, na konrodi ikikatika inaweza kutoboa bloku. Gari lipandishwe kwenye lori au livutwe. Kusikiliza kwa makini kunaokoa pande zote mbili: kunaizuia injini nzima isifunguliwe, na kunaizuia iliyoumia isiendelee kuteswa.

Upo pia upande wa biashara, na hapa ndipo watu wanaumizwa. Gari dogo lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 linapoingia nchini, na Altezza ya mwisho ilitengenezwa mwaka 2005. Ni wazi kwamba anayeitafuta leo ana sababu kubwa ya kununua iliyokwisha kuingia, kutoka mkono wa tatu au wa nne, bila rekodi yoyote ya matengenezo. Muuzaji asiye mwaminifu humwaga oili ya 5W-30 na kuweka 20W-50 au dawa ya kuifanya nzito, na mlio unalala kwa wiki chache. Mwingine huiwasha injini nusu saa kabla ya mteja kufika ili sauti za baridi zisisikike. Mnunuzi afike mapema bila taarifa, aguse injini kabla ya kusalimiana na dalali, na ikiwa ya moto aombe kurudi kesho alfajiri.

Atazame pia stika ndogo ambazo gereji za Japani hubandika chini ya boneti au kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu husomeka: kilomita na tarehe ya kubadilisha mkanda, pengine kwa hesabu ya mwaka wa mfalme wao, ambapo Heisei 20 ni 2008. Mikanda hiyo Japani hubadilishwa karibu na kilomita 100,000. Odometa inayosoma 90,000 kwenye gari lenye stika ya 102,000 imeshasema kila kitu kuhusu muuzaji.

Kwa nini basi vipimo hivi havifanyiki kila mahali? Sababu kubwa ni malipo. Mwenye gari wa Bariadi, Maswa au Mwanhuzi hulipia kitu anachokiona: spea iliyo kwenye boksi na siku za kufungua na kufunga. Fundi akisikiliza kwa dakika 40 na kusema kwamba ni puli tu, anapewa asante na nauli ya bodaboda. Akisema injini ishushwe, anapata kazi ya wiki nzima. Utaratibu wa namna hiyo unamwadhibu fundi mkweli mwenye sikio zuri na kumlipa anayebahatisha, na lawama haziwezi kuwekwa kwa mafundi peke yao. Wenye magari wakubali ada ya uchunguzi inayotajwa mapema, inayolipwa hata kama jibu ni kwamba gari halina tatizo. Nao mafundi waandike jibu hilo kwenye karatasi, pamoja na presha iliyosomeka, namba ya silinda na hali ya oili, ili mteja akitaka maoni ya pili Mwanza aende na kitu mkononi.

Serikali nayo ina njia ambazo tayari ziko wazi. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, na kwenye ufundi wa magari upimaji huo ungefaa uhusishe kutambua hitilafu kwa sauti na kwa geji, siyo kufungua na kufunga peke yake. Halmashauri za Simiyu, kama nyingine zote, zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wa gereji moja kikiomba mkopo wa geji ya presha ya oili, geji ya kompresheni, stethoskopu, spana ya toki na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kitakuwa kimeomba vifaa vinavyodumu miaka mingi na kuhudumia magari ya mji mzima, yakiwemo malori yanayobeba pamba kutoka Itilima na Meatu kila msimu. Ofisa maendeleo ya jamii atakayepokea maombi ya namna hiyo asiyaweke chini ya rundo la maombi ya bodaboda.