Roboti Aliitwa Mara Elfu Moja

Filamu yenyewe inaitwa Roving Mars. George Butler aliitengeneza mwaka wa 2006 kwa zile skrini za IMAX zenye urefu wa ghorofa. Mimi niliitazama hapa Garsen, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, tukiwa wanne tumebanana kwenye benchi moja. Dakika 40 tu. Ilipoisha, mmoja wetu akasema lile neno nililojua litakuja: "Sasa Mirihi inatusaidia nini sisi tunaofurikiwa?"

Hapo ndipo nilipokataa. Hoja hiyo, hata ikitoka kwa mtu wa nyumbani, inatuweka chini. Ati mtu wa Tana kazi yake ni kungoja unga na blanketi, mambo ya angani awaachie wenyewe. Wenyewe ni kina nani? Ukitoka Garsen kwenda Malindi, upande wa bahari unaiacha Ngomeni. Huko, kwenye jukwaa la San Marco, tarehe 12 Disemba 1970 ilirushwa setilaiti ikaitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Anga si ngeni pwani hii.

Na swali la filamu ile ni letu kabisa. Roboti wawili, Spirit na Opportunity, walitua Mirihi Januari 2004 kuuliza jambo moja: je, maji yaliwahi kupita hapa? Mto Tana umehama njia mara nyingi. Mkulima wa mpunga na mfugaji wa huku wote wanajua kusoma udongo wa mkondo uliokufa.

Kilichoniuma ni kingine. Roboti hao walipangiwa siku 90. Spirit alifanya kazi hadi 2010, Opportunity hadi 2018. Juni mwaka huo dhoruba ya vumbi ilifunika jua, Opportunity akanyamaza. Wanasayansi wakamtumia amri zaidi ya 1,000, hadi Februari 2019 walipokubali kwamba hataitika. Mara elfu moja, jamani, kwa ajili ya chuma!

Mwaka huohuo wa 2018, majuma machache kabla ya dhoruba ile, Tana ilivunja kingo. Mashamba yakazama, watu wakahamia kambini. Sisi tuliitwa mara ngapi?

Niliacha chuo kwa kukosa karo, kwa hivyo hesabu za roketi usiniulize. Hii lakini naiweza. Ujumbe wa redio kutoka duniani hadi Mirihi, hata sayari zikiwa mbali kabisa, unachukua kama dakika 22. Maji yakimwagika kutoka mabwawa ya juu, Masinga hadi Kiambere, yanachukua siku kadhaa kufika Garsen. Siku! Na bado yanatukuta tumelala.

Msiniambie tangazo lilitolewa. Najua lilitolewa. "Wakazi wa maeneo ya chini wahamie maeneo ya juu." Juu wapi? Lini? Maji yatafika magotini au kwenye paa? Roboti hakuwahi kupewa amri ya kihuni namna hiyo. Aliambiwa aende mita ngapi, upande upi, na jiwe gani alikwepe.

Kwa hivyo wale wanaosema pesa za Mirihi ziletwe Tana, mmekosea shabaha. Tunachotaka hakihitaji roketi. Kila kijiji kiwe na nguzo ya kupimia maji, na mtu wa kijiji hicho alipwe kuisoma kila siku ya mvua. Ujumbe ufike kwa Kipokomo, kwa Kiorma na kwa Kiswahili, ukitaja siku, kina na njia ya kutokea. Na asiyejibu simu, afuatwe kwa boda boda au kwa mtumbwi mpaka apatikane.

Mirihi iacheni iendelee kuchunguzwa, nitaitazama tena hata kwa kioo hiki kilichopasuka. Lakini maji yakianza kushuka kutoka Kiambere, tupigieni. Tukinyamaza, pigeni tena.