NYUMBA NA GHALA: Kidonge cha Fukusi Si Bidhaa ya Rejareja

Wazee walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mwuza nafaka msemo huu ni kweli tupu, kwa kuwa adui yake hatoki mbali: amo ndani ya punje, ameingia nayo tangu shambani. Mahindi yafikayo Nairobi yakiwa safi machoni, baada ya majuma machache huacha unga mweupe chini ya gunia, na yule aliyedhani ana akiba hujikuta ana makapi. Kwa hiyo si ajabu kwamba dawa ya fukusi ni bidhaa yenye wanunuzi wengi. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya namna dawa hiyo inavyouzwa, maana humo ndimo hatari ilimo.

Majuzi nilikuwa nikipita kati ya Gikomba na Majengo, nikasimama penye kibanda kimoja kununua pojo. Akaja kijana, akasalimu kwa adabu, akasema, "Mama, nina gunia la maharagwe chumbani, limeingiwa na wadudu." Yule mama akafungua mkebe, akatoa vidonge viwili vya rangi ya kijivu, akavifunga katika kipande cha gazeti. "Vitie ndani ya gunia, mwanangu, ulifunge kamba, na mlango uufunge vizuri." Kijana akauliza, "Na sisi tutalala wapi?" Mama akacheka, akajibu, "Laleni papo hapo. Dawa hii ni ya wadudu." Kijana akalipa fedha zisizotosha kununua mkate, akaenda zake.

Mama yule hakuwa na nia mbaya. Alimwambia mnunuzi kile alichoambiwa yeye. Nilimweleza yule mama niliyoyajua, na sasa nawaeleza wasomaji wetu.

Kidonge kile ni fosfidi ya alumini. Kikikaa ndani ya chombo chake kilichozibwa hakifanyi kitu. Kikitolewa, unyevu wa hewa na wa nafaka hukigusa, nacho huanza kutoa gesi iitwayo fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa kadiri ya gramu 1 ya gesi hiyo, na mahali pake hubaki majivu. Gesi ndiyo iuayo. Hupenya katikati ya punje na kumfikia mdudu aliyejificha ndani kabisa, ambako dawa ya vumbi haifiki. Hiyo ndiyo sifa yake njema. Lakini gesi haina macho: haiwezi kutofautisha pumzi ya fukusi na pumzi ya mtoto mchanga.

Yafaa pia tufahamu jinsi dawa hii ilivyopata kutawala soko. Zamani maghala makubwa ya dunia yalitegemea zaidi gesi nyingine, metili bromaidi. Baadaye wataalamu waligundua kwamba gesi hiyo huharibu ozoni, lile tabaka la juu angani litukingalo na mionzi mikali ya jua. Chini ya Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo baadaye yaliongezewa gesi hiyo, mataifa tajiri yalitakiwa kuiacha kufikia mwaka 2005, na mataifa kama yetu kufikia mwaka 2015, isipokuwa kwa kazi maalum kama kufukiza shehena kabla ya kuvuka mipaka. Hivyo wenye maghala wengi wakaielekea fosfini.

Na huku kwetu adui naye alikuwa ameongezeka. Dumuzi, mdudu ambaye asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, alitambuliwa Tabora, Tanzania, mwaka 1981, na mwaka 1983 akaonekana Taveta, hapa Kenya. Dumuzi hutoboa mahindi makavu, hata miti ya ghala, na hasara yake yapita ile ya fukusi wa kawaida. Mkulima na mchuuzi waliokuwa wakivumilia, sasa hawakuweza kuvumilia tena, wakatafuta dawa kali.

Basi soko la vidonge hivi kwa asili ni la wenye mabohari: wasagaji, wasafirishaji, na halmashauri za nafaka. Tuangalie bwana wa bohari anunua nini hasa. Hanunui kidonge peke yake. Anayo maturubai yasiyopitisha gesi, ya kufunika rundo zima la magunia. Anayo mifuko mirefu ya mchanga ya kukandamiza kingo za turubai. Wafanyakazi wake wana barakoa maalum na kipimo cha kupimia gesi. Mlangoni huwekwa tangazo la hatari, wala hapana alalaye humo. Magunia hukaa yamefunikwa siku 5 hadi 7, au zaidi wakati wa baridi, kisha bohari hufunguliwa na kupigwa upepo mpaka kipimo kionyeshe kwamba ni salama. Katika gharama hizo zote, kidonge chenyewe ni sehemu ndogo.

Hapa ndipo palipo kosa la biashara ya rejareja. Mnunuzi mdogo hununua ile sehemu moja iuayo, na kuacha nyuma sehemu zote zilindazo. Isitoshe, chombo cha dawa kina maandishi ya onyo na jina la sumu iliyomo. Kikifunguliwa na vidonge kugawanywa kimoja kimoja, maandishi hubaki kwa mwuzaji, na mnunuzi huondoka na sumu isiyo na jina.

Sasa tuitazame nyumba ya Majengo. Wenyeji wajua kwamba mtaa huu ulianza mapema katika miaka ya 1920, Waafrika walipogawiwa viwanja Pumwani wajijengee wenyewe. Nyumba nyingi za kale zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na jamaa moja katika kila chumba. Paa ni moja, na mara nyingi hewa ya chumba hiki hupita juu ya ukuta au katika nyufa ikaingia chumba cha pili. Ujirani huo umelea watu wengi kwa wema. Lakini gesi nayo hupita njia ile ile ipitayo harufu ya pilau ya jirani.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Gesi ya kidonge kimoja ikijaa humo, itakuwa kadiri ya sehemu 30 katika kila milioni ya hewa. Kiasi ambacho nchi nyingi zimeruhusu kwa mfanyakazi, mtu mzima mwenye afya, kwa muda wa saa 8 tu, ni sehemu 0.3. Yaani kidonge kimoja chaweza kuzidisha kiasi hicho mara 100. Kijana wetu alinunua viwili, na usiku wa watoto ni zaidi ya saa 8.

Wala asidhani mtu kwamba walau fukusi wamekufa. Gunia la kawaida lililofumwa lina matundu, nalo haliwezi kushika gesi. Fosfini hutoka ikaenea chumbani, ndani ya gunia ikapungua kabla ya siku zake kutimia, na mayai ya wadudu yakapona. Hivyo hufukizwa mwenye nyumba, na mdudu akabaki. Tena wadudu waliopona huzaa watoto wasioiogopa dawa. Katika miaka ya 1972 na 1973 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifanya uchunguzi katika nchi nyingi, likakuta tayari wapo wadudu wa ghalani waliozoea fosfini. Kila kidonge kinachotumiwa vibaya huwafunza wadudu, na hasara humrudia hata yule mwenye bohari atumiaye dawa kwa uangalifu.

Mkasa mmoja wa mbali utatufundisha jambo jingine. Mnamo Januari 2017, katika mji wa Amarillo, Marekani, dawa ya namna hii ilikuwa imewekwa chini ya nyumba ili kuua panya. Harufu ilipozidi, ikamwagiwa maji ili kuiosha. Maji yaliichochea ikatoa gesi kwa wingi, na watoto 4 wa nyumba ile wakafariki. Jamaa wale hawakuwa wajinga. Walifanya kile ambacho kila mmoja wetu angekifanya mbele ya kitu kinukacho. Kwa hiyo tukumbuke daima: vidonge hivi havimwagiwi maji.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: je, maskini asiye na bohari aache maharagwe yake yaliwe? Swali hili ni la haki, na jibu ni kwamba ziko njia zilizo nafuu.

Ya kwanza ni kukausha. Nafaka isihifadhiwe kabla ya unyevu wake kushuka hadi asilimia 13 na nusu au chini yake. Asiye na kipimo achukue chupa safi iliyo kavu, atie chumvi kavu kidogo na mahindi, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi yangali na maji. Jambo hili lina uzito kuliko fukusi, maana nafaka yenye unyevu huota kuvu yenye sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 hapa Kenya, wengi wao Ukambani, na 125 wakafariki. Hakuna kidonge kiwezacho kuiondoa sumu ya kuvu katika nafaka.

Ya pili ni mifuko isiyopitisha hewa. Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kilianzisha mfuko wa namna hiyo pamoja na wakulima wa kunde wa Cameroon, nao sasa wauzwa pia Kenya. Ndani ya gunia mna mifuko miwili ya plastiki; ikifungwa barabara, wadudu huimaliza oksijeni kwa pumzi zao wenyewe, wakaacha kula na kufa. Hapana sumu. Bei yake yapita ya gunia la kawaida, lakini ukitunzwa usitoboke hutumika zaidi ya msimu mmoja.

Ya tatu ni ushirika. Wachuuzi kumi wenye magunia machache kila mmoja waweza kuyakusanya mahali pamoja pasipolaliwa na watu, wakachanga fedha na kumwita mfukizaji mwenye leseni. Halmashauri ya kusimamia dawa za wadudu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1982, ndiyo itoayo leseni hizo. Muulizeni fundi aonyeshe yake kabla ya kumpa hata senti moja.

Na wale wanunuao vidonge hivi kwa ajili ya kunguni, nawasihi waache leo. Maji yanayochemka juu ya mbao za kitanda, pasi ya moto kwenye mishono ya godoro, na nguo kufuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani, ni kazi ya kuchosha inayotaka kurudiwa. Lakini hakuna atakayeamka akimkuta mwanawe baridi.

Ikiwa dawa imekwisha kuwekwa chumbani, na mtu akaona kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, kifua kubana au pumzi kuwa fupi, watu wote watoke nje mara moja, na majirani wa paa lile lile waamshwe. Msingojee harufu ya kitunguu saumu au ya samaki aliyeoza, kwa kuwa huenda isisikike. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe waziwazi ni dawa gani. Maziwa hayaiondoi sumu hii, wala hakuna dawa maalum ya kuivunja; tumaini ni hewa safi na uangalizi wa madaktari, mapema iwezekanavyo.

Mwisho nasema na wenye vibanda. Yule mama wa Gikomba, nilipokwisha kumweleza, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Sasa yule kijana tutampata wapi?" Sikuwa na jibu. Swali hilo na tujiulize kila tunapotaka kukifungua chombo na kuuza kidonge kimoja: tukigundua kosa usiku, mnunuzi tutampata wapi?

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya panya.