Barua ya Karani: Giaboksi ya Shemeji

Safari hii neno langu halihusu madaftari. Shemeji yangu anataka kununua giaboksi. "Mwalimu," aliniambia (jina la chuo limenigandia, ijapokuwa kazi yangu ni ukarani wa parokia), "fedha hii ni ya korosho za dada yako. Ikipotea, mtoto haendi shule Januari." Nikaona si jambo la mzaha.

Motokaa yake ni Toyota Land Cruiser, pikapu yenye injini ya dizeli iitwayo 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Msimu wa korosho hupandisha magunia kutoka bonde la Ruvuma mpaka Newala. Msimu ukiisha hufuata samaki Msimbati, na mchanga wa njia ile wengi wenu mnaujua. Sasa gia ya tano imekufa, na nyingine zinalia.

Huko Dar es Salaam amepata giaboksi mbili zilizotumika. Moja imetoka kwenye pikapu ndogo ya petroli. Bei yake ni nafuu, na muuzaji anaahidi kuichongea bamba la kuiunganisha na injini. Nyingine ni H55F, ndugu wa ile iliyokufa, na bei yake karibu mara mbili. "Lakini zote zina gia tano!" asema shemeji. Naam, na punda na paka wote wana miguu minne.

Injini ile haikimbii sana, ila ina nguvu kubwa ya kuzungusha, kama nyuton-mita 285. Gia ya kwanza ya H55F huizidisha nguvu hiyo karibu mara tano kabla haijafika kwenye propela. Giaboksi ya pikapu ndogo haikutengenezwa kwa nguvu za namna hiyo. Siku ya kwanza itakwenda vizuri, hata ya kumi. Ukiweka magunia 12 na kuanza kupanda mlima, meno yataanza kukatika. Bamba huunganisha vyuma, haliongezi unene wa meno.

Tena kuna hii gia ya tano inayowapendeza watu. Katika gia ya nne shafti ya kuingia na ya kutoka hufungwa pamoja, nguvu ikapita moja kwa moja. Katika ya tano nguvu hushuka kwenye shafti ya chini, kisha gia kubwa huzungusha ndogo. Kwa H55F, propela ikizunguka mara 100 injini huzunguka kama 85 tu. Hiyo ni faida ya dizeli na masikio katika safari ya Dar es Salaam, bila mzigo mzito. Ukiwa umepakia, au mlimani, rudi ya nne, au ya tatu. Nashuku ndivyo ya kwanza ilivyouawa, ingawa shemeji hapendi nikisema.

Kwa hiyo nilimwambia achukue H55F, lakini si kwa jina tu. Nayasema kwa aibu, maana mwaka 2019 nilimshauri jirani anunue giaboksi iliyopakwa rangi ikang'aa kama sufuria jipya. Hatukuifungua. Ndani ya mwezi mmoja ilikuwa inaruka gia, na muuzaji hakupokea tena simu.

Safari hii oili imwagwe kwanza kwenye beseni. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, uipitishe ndani. Vumbi laini kidogo ni la kawaida. Vipande vinavyonata ni chuma cha meno au beringi, usinunue. Chembe nyingi za njano zisizonata ni pete za shaba zinazolainisha kuingia kwa gia, nazo zimekwisha. Kisha kifuniko cha juu kifunguliwe, fundi atazame kila jino kwa tochi, atikise shafti ya mbele kwa mkono. Meno ya shafti hiyo yahesabiwe na kulinganishwa na sahani ya klachi ya nyumbani. Na aulize kama transfa, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya mbele, imo katika bei, kwani bila hiyo Msimbati hafiki.

Shemeji alinung'unika kwamba nauli ya fundi ni hasara. Dada alimjibu kabla yangu: "Hasara ni kulibeba chuma bovu mpaka Mtwara, kisha kutafuta wa kulirudisha."

Jumatatu wamepanda basi wawili, sumaku imo mfukoni mwa fundi. Nusu ya fedha imebaki kwa dada, naye ataituma kwa simu fundi mwenyewe akimwambia kwamba kifuniko kimefunguliwa na meno ni mazima.