«Imetengenezwa»: neno moja, bei mbili

Kitenzi «kutengeneza» kina maana mbili ambazo kila mmoja wetu anazijua bila kufundishwa. Kiwanda hutengeneza gari, na fundi wa mtaani hutengeneza gari lile lile linapoharibika. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutuokoa. Kwenye tangazo la muuzaji hautuokoi.

Tangu mwaka huu wa masomo uanze, nimesoma kwenye valvu za kitivo na katika simu za wenzangu matangazo kadhaa ya klavie za zamani za mekaniki, zile ambazo wenzetu wa Dar es Salaam wangeziita kibodi. Karibu yote yana neno hilo: «imetengenezwa vizuri». Na nani? Na kiwanda, miaka zaidi ya thelathini iliyopita, au na fundi, wiki jana? Na kama ni fundi, alifanya nini hasa?

Maoni yangu ni haya: kati ya klavie mpya, ya okazyo na iliyotengenezwa upya, hiyo ya tatu ndiyo inayomfaa zaidi mwanafunzi wa lugha, kwa sharti kwamba muuzaji ataje kwa maneno kamili alichokifanya. Asipotaja, tuihesabu kuwa okazyo na tuilipe bei ya okazyo.

Msinielewe vibaya, sizungumzii anasa. Kitivo chetu huchapa sana. Anayekusanya simulizi hurekodi wazee, kisha huandika maneno yao yote, na saa moja ya sauti inaweza kumla siku nzima mbele ya kompyuta. Asiyeweza kuchapa mwenyewe hulipa sekretariati kwa ukurasa, kisha hulipa tena ili kusahihishiwa makosa ambayo si yake. Kibonye cha apostrofi kisipojibu, «ng'ombe» inakuwa «ngombe» ukurasa baada ya ukurasa, na wino mwekundu wa mwalimu hauulizi kama kosa ni la mwanafunzi au la plastiki.

Klavie ya kawaida ya siku hizi ina mpira laini chini ya vibonye, nao hulegea kadiri unavyotumika. Klavie ya mekaniki hukipa kila kibonye springi yake. Iliyo maarufu kuliko zote za zamani ni Model M ya IBM, iliyotoka mwaka 1985. Ndani yake springi hujipinda ghafla chini ya kidole, na papo hapo kinyundo kidogo cha plastiki hugonga utando ulio chini na kutoa mlio. Kidole na sikio hupata habari kwa wakati mmoja kwamba herufi imeandikwa. Zilitoka viwanda vya Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani, na vya Greenock, Uskoti, ambako soko la Ulaya lilihudumiwa. Nyingi zina uzito unaozidi kilo 2, na herufi zake hazifutiki kwa urahisi kwa sababu rangi imepenya ndani ya plastiki.

Basi kwa nini tusinunue okazyo tu, ambayo ni nafuu? Kwa sababu wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hawakuwa wamekutana na Model M. Ubaya wake hauonekani kwa nje. Sahani ya chuma na sahani ya plastiki zimeshikanishwa kwa vijiti vingi vidogo vya plastiki vilivyoyeyushwa vichwa. Plastiki ikizeeka, vichwa hivyo hukatika kimoja kimoja, sahani zinaachana, na vibonye vya eneo hilo vinakuwa vizito au vinanyamaza. Ukiitikisa ukasikia chembe zinatembea ndani, ndivyo vichwa vyenyewe. Kuna pia suala la waya. Nyingi zina plagi ya duara ya PS/2, ambayo kompyuta zetu za kubebeka hazina tundu lake. Plagi ya kubadilisha umbo peke yake haitoshi. Inahitajika adapta yenye chipu ndani, inayotafsiri ishara za PS/2 kuwa za USB. Muuzaji asiyeitaja adapta hiyo amekuuzia nusu ya klavie.

Hapo ndipo neno letu linapoleta hasara. Chini ya «imetengenezwa» nimeona kazi tatu tofauti kabisa.

Kazi ya kwanza ni kusafisha. Vibonye vimeng'olewa na kuoshwa, na ganda lililokuwa la manjano limerudishiwa weupe kwa maji ya oksijeni, dawa ile ile ya vidonda ila kali zaidi. Inapendeza machoni, lakini haijagusa springi hata moja, na manjano yanaweza kurudi.

Kazi ya pili ni kurekebisha. Kibonye kilichokuwa kimya kimepewa springi nyingine, au waya uliokatika umebadilishwa. Ni kazi ya haki, lakini ni ya sehemu moja tu. Vichwa vya plastiki bado vina umri ule ule.

Kazi ya tatu ni kuijenga upya. Fundi amefungua skurubu zenye vichwa vya pembe sita vya milimita 5.5, ameondoa vichwa vyote vya zamani, ametoboa matundu, amefunga sahani kwa bolti ndogo na nati, ameubadilisha utando kama umechakaa, kisha amejaribu kila kibonye. Kazi hii hula saa nyingi, na klavie iliyotoka katika mikono hiyo inaweza kuwa imara kuliko ilivyotoka kiwandani. Hii peke yake ndiyo inayostahili bei ya juu.

Kwa hiyo napendekeza tuache kusema «imetengenezwa» na badala yake tuseme «imesafishwa», «imerekebishwa» au «imejengwa upya». Maneno tunayo tayari, hatuhitaji kuazima hata moja. Tunachokosa ni mazoea ya kumdai muuzaji ayatumie.

Tahadhari moja: si kila klavie ya zamani inajengeka upya. Apple Extended Keyboard ya mwaka 1987 ni nzuri sana, lakini swichi zake za Alps huathirika na vumbi, na vumbi likishaingia, ulaini wa mwanzo ni vigumu kuurudisha. Anayeishi Lubumbashi anajua vumbi jekundu la kiangazi linafika wapi. Swichi za Cherry MX, za kampuni ya Ujerumani, bado zinatengenezwa, na kampuni za China kama Gateron na Kailh zinatengeneza zinazofanana nazo. Swichi moja ikifa, fundi yeyote anayejua kulehemu ataibadilisha. Kabla ya kupenda mlio, uliza vipuri viko wapi.

Na klavie mpya? Ina hoja zake, na sitaki kuzidharau. Kampuni ya Unicomp, iliyoanzishwa mwaka 1996 ikachukua mitambo ya zamani, bado inatengeneza klavie za aina ya Model M huko Lexington, zenye USB tayari, kwa zaidi ya dola 100 kabla ya usafirishaji. Kuna pia klavie mpya za mekaniki ambazo swichi zake huchomolewa kwa mkono bila kulehemu. Mwenye tarehe ya kutetea tasnifu mbele yake, asiye na fundi karibu, na mwenye uwezo, anunue mpya. Lakini bei hiyo kwa wengi wetu ni kubwa mno, na klavie iliyojengwa upya hapa ina faida ambayo mpya haina: mtu aliyeifungua yuko mjini, na ikiharibika unajua mlango wa kubisha.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa lugha kuliko watu wa vitivo vingine. Kabla ya kulipa, hesabu vibonye. Model M ya Marekani ina 101, ile ya Ulaya ina 102. Kibonye kinachozidi kiko kando ya kibonye cha herufi kubwa upande wa kushoto, na katika mpangilio wa AZERTY ndicho kinachoandika alama za < na >. Anayeandika sarufi na kuonyesha asili ya maneno anazihitaji alama hizo. Herufi zilizochapwa juu ya vibonye ni lebo tu, kompyuta ndiyo inayoamua. Katika Model M nyingi vifuniko vya vibonye huvuliwa na kupangwa upya, lakini kibonye kisichokuwepo hakipangiki.

Na hapo ndipo pa kujiuliza swali zaidi. AZERTY tumeirithi pamoja na Kifaransa. Inaweka Q chini ya kidole kidogo cha kushoto, mahali pa kupumzikia, nayo a inaipandisha safu ya juu. Kiswahili sanifu hakitumii q, ilhali a imejaa karibu katika kila neno letu. QWERTY huziweka kinyume, na kwa bahati tu inatufaa zaidi. Mtu mwenye é na ç katika kila sentensi abaki na AZERTY. Anayechapa Kiswahili kutwa ana haki ya kujaribu nyingine, na klavie ya vifuniko vinavyovulika inamruhusu kufanya hivyo bila kununua mara mbili.

Najua baadhi ya walimu watasema klavie ya dola chache inatosha. Inatosha, ndiyo, kwa barua na kwa kazi ya kurasa kumi, na sitamcheka anayeitumia. Ila asiyechapa sana asimpangie anayechapa kutwa.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukiona tena tangazo kwenye valvu, usiulize kwanza bei. Muulize muuzaji: umefungua wapi, umebadilisha nini, na nikibonyeza vibonye vyote mbele yako sasa hivi, utaniruhusu? Akijibu matatu hayo bila kusita, lipa. Akisema tu «imetengenezwa», mjibu kwamba unajua, ilitengenezwa Greenock.